Jembe Lililotundikwa

Jumapili, 17 Machi 1957
Mable amerudi leo kwa treni kutoka hospitali ya Mombasa. Amekonda, lakini anacheka, na zawadi aliyoniletea ni daftari hili. Anasema wodini muuguzi alimwambia aandike kila siku lililotokea, asije akakaa kuwaza maumivu. Mimi sina maumivu, nina mdomo tu. Lali mume wangu anasema mdomo wangu ukipata karatasi huenda masikio yake yakapumzika. Haya, yapumzike.

Mimi ni Salama, mke wa Lali fundi wa bati, hapa Voi nyuma ya reli. Jina nililozaliwa nalo ni Wakesho. Watu wetu ni wa Kasigau, ila mimi nilizaliwa upande wa Malindi, serikali ilipokuwa imewahamishia wazee wetu huko tangu vita vya Wajerumani. Huko ndiko baba alikonifundisha kusoma, huko nikampata Lali, na huko nikasilimu. Mungu hajatujaalia mtoto. Mable wa jirani yetu Tryphena nimembeba mgongoni tangu ana meno mawili, na nikisema ni wangu nusu, mama yake hakatai.

Jumanne, 19 Machi
Jua kali. Nimempikia Mable uji wa mtama. Amemaliza kikombe.

Jumatano, 20 Machi
Kuna jambo linanikera na sina wa kumwambia, maana wanaohusika ni watu wangu wote wawili.

Mwezi uliopita Mable alizidiwa na tumbo, ikawa lazima apasuliwe. Tryphena ni mjane, anasuka vikapu vya mkonge na kuwauzia abiria stesheni, na siku ile hakuwa na kitu. Lali akafungua kibweta akatoa shilingi mia na ishirini. Zilikuwa pesa za paa letu. Ndiyo, fundi wa bati analala chini ya makuti yanayovuja, mganga hajigangi. Hakumuuliza atalipa lini. Alimwambia tu, "Wahi treni ya leo, Mama Mable."

Wiki iliyofuata mimi nilikuwa bombani. Tryphena akaja na shemeji zake wawili, akamkabidhi Lali jembe lake. Kwetu milimani ndivyo mtu anavyoweka shamba rehani. Jembe likitoka mkononi, shamba limetoka nalo, na mdai hulima, huvuna na kula mpaka alipwe. Lali alikuwa ameinamia karai, analehemu. Alidhani jembe limeletwa kutengenezwa. Akasema, "Ahsante, liweke hapo," na wale shemeji wakaenda zao wameridhika.

Niliporudi nikamweleza lile jembe ni nini. Alikaa chini, nyundo mkononi.

"Nile shamba la mtu niliyemkopesha? Hiyo ni riba, Salama."

"Ni desturi tu, mume wangu."

"Riba hata ikivishwa kanzu ya desturi ni riba."

Akalitundika jembe kwenye msumari mlangoni mwa kibanda chake cha kazi, lisipate kutu. Siku ya pili akaenda kumwambia Tryphena alime shamba lake mwenyewe. Tryphena akajibu kwamba mtu akilima shamba aliloweka, amekula neno lake mbele ya mashahidi. Tangu hapo wanaamkiana vizuri, lakini hakuna anayekaa kuzungumza na mwenzake.

Alhamisi, 28 Machi
Mvua ya kwanza! Imenyesha tangu alfajiri. Makuti yamevuja mahali petu pa kawaida na mahali pengine papya. Voi nzima iko shambani. Nimekwenda mpaka mtoni kulitazama shamba la Tryphena. Udongo umelowa vizuri, mweusi, na hakuna hata shimo moja lililochimbwa.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua.

Jumanne, 2 Aprili
Mwezi umeandama jana, tumefunga. Lali anashona milizamu ya bati tangu asubuhi, maana kila mwenye paa la bati anataka maji yake yaingie pipani. Sisi maji yetu yanaingia kitandani.

Nimekwenda kwa Tryphena. Nilimkuta uani anasuka, Mable amelala ubavuni pake.

"Dada, panda shamba lako. Lali hana neno."

"Hana neno, au hana haja?" Mkono wake haukusimama. "Mimi nimempa shamba ya mume wangu. Shamba iko karibu na mto, ina pojo mpaka unachoka kuvuna. Yeye anaitundika kwa msumari kama nguo kuukuu. Shamba yangu ina ubaya gani, Wakesho?"

"Si ubaya. Ni dini yetu."

"Dini ya kukataa chakula? Wewe siku hizi umekuwa wa pwani kabisa."

Nikarudi nyumbani nimechukia. Kule pwani waliniita mtu wa bara, hapa naitwa wa pwani. Sijui nikae wapi, labda darajani.

Ijumaa, 5 Aprili
Leo nimecheka, nikaona aibu kucheka. Khaemba, yule Mluhya wa reli anayezifungulia treni njia, anapita kando ya lile shamba kila siku akienda kazini, na kwao shamba tupu wakati wa mvua ni msiba. Alikuja kwa Lali.

"Fundi, hiyo shamba inalala bure. Nipatie mimi nipande, tutagawana."

"Si langu, bwana. Kamwulize Mama Mable."

Akaenda upande wa pili wa ua. Tryphena akamwambia, "Si yangu. Uliza Fundi."

Akarudi. Lali akamwapia kwamba si lake. Akaenda tena. Mara ya tatu akasimama katikati, kofia mkononi, mvua inamnyea.

"Nyinyi watu! Kwetu ndugu wanapigana kwa sababu kila mtu anasema shamba ni yake. Sijaona mahali watu wanakosana kwa sababu kila mtu anasema si yake!"

Akaenda zake anatikisa kichwa. Nilicheka mpaka nikakumbuka tutakula nini mwezi wa saba. Kila mwaka nilikuwa nikilima na Tryphena, na pojo na kunde za shamba lile ndizo zilizojaza vyungu vya nyumba zote mbili.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua. Mahindi ya wenzetu yamechipua.

Ijumaa, 12 Aprili
Leo nimegombana na Lali kuliko siku yoyote tangu anioe.

Alipokwenda msikitini kusali Ijumaa, nilikwenda kibandani nikalishusha lile jembe. Nilikuwa nimefunga mbegu za pojo kwenye pembe ya leso. Nilisema moyoni, nitapanda mimi. Mimi si mdai wala mdaiwa, mimi ni mtu mwenye njaa. Nilifika relini nikamwona anarudi. Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono tu, na mimi nikalikumbatia jembe kama mtoto.

"Uchamungu wako utatuua kwa njaa!" nilimwambia, watu wanapita. "Mable ametoka kuchanwa tumbo. Atakula nini? Atakula fatwa?"

Akalitoa jembe mikononi mwangu. Tukarudi nyumbani, akalitundika jembe, akaendelea kukata bati mpaka jioni. Tulifuturu kila mtu upande wake, tende tatu tatu na uji.

Jumamosi, 13 Aprili
Asubuhi Lali alikaa kando yangu jikoni, jambo ambalo halifanyi. Akaniambia habari ambayo kwa miaka yote tuliyokaa pamoja hakupata kuniambia.

Baba yake alikuwa na minazi Malindi. Mwaka mmoja alikopa kwa mfanyabiashara ili amzike mama yake mwenyewe, akaiweka minazi rehani. Yule bwana akaangua nazi mwaka ule, na mwaka wa pili, na wa tatu, na deni lilikuwa lile lile, maana nazi hazikuhesabiwa. Mamake Lali alikuwa akienda alfajiri kuokota nazi zilizoanguka chini ya minazi yake mwenyewe, anazificha kwenye buibui, na kijana wa yule bwana akimwona anamwita mwizi.

"Mimi nilikuwa nikimshika mkono," Lali alisema. "Nilimsikia akiitwa mwizi, Salama. Sasa wewe unataka Tryphena apite kando ya shamba lake, aone mimi navuna?"

Nilimshika mkono ule ule. Una makovu ya bati kila kidole. Nilimwambia nisamehe, akasema nimeshasamehe jana, nilikuwa nasubiri upoe.

Lakini shamba bado limelala. Sasa nampenda zaidi na nina njaa vile vile.

Jumatano, 17 Aprili
Mvua kubwa. Mable ameanza kutembea mpaka bombani. Anauliza mbona hatulimi. Nilimwambia amwulize mama yake. Anasema alimwuliza, akaambiwa aniulize mimi.

Jumapili, 21 Aprili
Leo kwa Tryphena ni Pasaka. Kila Ramadhani, tangu tuhamie hapa, hutuletea kimanga cha futari, mihogo na maharagwe amevipondaponda na mafuta, na mwaka huu alikipika pamoja na cha sikukuu yake. Alikileta mwenyewe kabla ya magharibi, amevaa gauni lake la kanisani. Nilifurahi sana. Nikajua ametangulia yeye kuvunja ukimya.

Lali akamrudishia sahani taratibu.

"Mama Mable, usinielewe vibaya. Mtu akikukopesha kisha ukampa zawadi, inaingia shaka. Tutakula siku deni likiisha, inshallah."

Tryphena alimtazama. Akaitazama sahani. "Hata chakula," alisema. "Hata chakula yangu ni uchafu."

Akaichukua akaondoka. Kwetu milimani mtu akikataa chakula chako amekuambia kwamba ana kinyongo nawe, na kinyongo cha moyoni tunakiogopa kuliko nyoka. Lali hajui hayo, au anayajua kwa kuyasikia tu. Nimemweleza. Adhana ikapigwa, akashindwa kula.

Kwenye ua wa miba kati yetu kuna mwanya tunaopitia sisi wawili tu. Leo Tryphena ameuziba kwa tawi.

Jumatatu, 22 Aprili
Sikuandika kitu cha maana. Nimelia kidogo wakati wa kuchambua mchele.

Jumatano, 24 Aprili
Nitaandika yote, hata wino ukiisha.

Baada ya alasiri mvua ilishuka ya ajabu. Maji ya tuta la reli yakateremka yote uani kwetu, yakaelekea kibandani kwa Lali, kwenye bati za watu na magunia ya mkaa. Ilitakiwa kuchimba mfereji mara moja. Na sisi jembe hatuna! Miaka yote tumekuwa tukiazima la Tryphena, lile lile lililotundikwa mlangoni.

Lali alichukua kipande cha bati, akakikunja, akapiga magoti kwenye tope akaanza kuchimba. Alikuwa amefunga, midomo imempauka. Kile kipande kikajikunja, akakitupa, akachimba kwa mikono. Mimi nilikuwa nabeba mkaa ndani, nampigia kelele alitwae jembe, ananipungia mkono tu.

Hapo nikamwona Tryphena amesimama nyuma ya tawi lake, gunia kichwani. Alikuwa ametoka kuangalia kuku. Alimtazama Lali. Kisha akalitazama jembe, kavu, hatua chache nyuma ya mgongo wa Lali.

"Fundi! Si jembe ni hiyo hapo nyuma?"

"Naliona, Mama Mable."

"Basi chukua!"

"Si langu kulitumia. Ni amana."

"Utapoteza mkaa yote sababu ya jembe?"

"Nitachelewa kidogo tu," alisema Lali, na kucha zake zinatoka damu.

Nilikuwa karibu, niliuona uso wa Tryphena ukibadilika. Mwezi mzima alidhani mtu huyu analidharau shamba lake, na chakula chake, na yeye mwenyewe. Sasa akaona kwamba hata kuyatoa maji nyumbani mwake Lali hataki kunufaika na kitu cha mdaiwa wake, na kwamba hafanyi hivyo ili aonekane na watu.

Akalitupa lile tawi. Akapita mwanya kwa haraka, akalitwaa jembe msumarini, akamsukuma Lali kando kwa nyonga.

"Toka hapo. Hata mtoto anajua bati si ya kuchimba."

Alichimba kama wanawake wa kwetu wanavyochimba, miguu wazi, bila kupumzika, na Lali akawa anatupa tope kwa karai. Maji yakageuka, yakapita nyuma ya choo. Kibanda kikapona.

Ndipo Tryphena aliposimama wima, akaangalia mikono yake.

"Wakesho," alisema polepole. "Nimeshika jembe."

"Umeshika, dada."

"Mwenyewe. Na mdai yuko hapa anaona, hajakataa. Basi shamba imerudi."

"Sikatai," Lali alisema haraka, amekaa topeni. "Wallahi sikatai!"

Alianza kucheka yeye kwanza, Tryphena. Alicheka mpaka akaegemea mpini. Lali akacheka, akakumbuka saumu, akaendelea kucheka. Mimi nililia, maana ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 25 Aprili
Asubuhi Tryphena amekuja amenuna. Kurudi kwa jembe kumemfurahisha, lakini deni lisilo na rehani hawezi kulilalia. "Mimi si mtu wa sadaka, Fundi. Lazima ukae na kitu yangu."

"Nitakaa nacho, lakini kiwe kitu ambacho sitakila."

Akaenda akarudi na kikapu alichokianza juzi. Kina tako na mbavu, hakina mdomo wala mikono, nyuzi zimening'inia pande zote.

"Hii haiwezi kubeba kitu. Huwezi kuiuza. Na hakuna mtu mwingine anajua rangi gani inafuata." Akakitundika kwenye ule msumari. "Sasa tafuta riba hapo."

Lali amekizunguka kikapu, amekichungulia chini. Amesema haoni pa kuikuta. Mashahidi ni mimi na Mable.

Halafu tumekwenda shambani sisi wanawake watatu, Mable amekaa ukingoni anatuhesabia mbegu. Wakati wa mahindi umekwisha kupita, mwaka huu hatuna mahindi. Tumepanda pojo na kunde tu. Nilimwuliza Lali kama kulima kwangu na Tryphena nako kuna shaka. Amesema atauliza.

Ijumaa, 26 Aprili
Ameuliza. Mwalimu wa msikitini amemwambia kwamba mambo ambayo majirani walikuwa wakifanyiana kabla ya deni, kulimiana, kuazimana, kupelekeana chakula, hayo si riba, ni ujirani. Kisha akamwuliza, "Mbona hukuja mapema?"

Kwa hiyo kimanga kilikuwa halali. Hata jembe la mfereji lilikuwa halali! Lali amerudi amejiinamia. Nimemwambia mtu akipita njia ndefu bado ni mtu aliyefika. Jioni ameenda mwenyewe kwa Tryphena, amesimama mlangoni, ameomba kama bado kuna kimanga.

"Ile nililisha kuku," Tryphena amemjibu. Kisha akaingia jikoni kupika kingine.

Jumatano, 1 Mei
Idd. Mable amevaa gauni jipya, amekuja kupokea mkono wa Idd kama mtoto mdogo. Lali amempa shilingi.

Jumanne, 14 Mei
Tunakula majani ya kunde. Mvua inapungua.

Alhamisi, 30 Mei
Mvua imekwisha kabisa, tangu siku nane sasa. Pojo zimetoa maua. Tryphena anazitazama mbingu, mimi namtazama Tryphena. Ameanza kulipa kidogo kidogo, pesa za vikapu. Lali hupokea, hushukuru, kisha humkaribisha chai, na sasa anakaa.

Jumamosi, 15 Juni
Nyani wamekula mistari miwili. Khaemba alikuja na filimbi yake ya reli akawafukuza, anasema sasa angalau anajua shamba ni la nani.

Jumatano, 3 Julai
Tumevuna. Si nyingi kama miaka mingine, na bila mahindi tutanunua unga hadi mvua za mwisho wa mwaka. Lakini nyumba zote mbili zina pojo. Nilizichukua mkononi nikazibusu, mbele za watu.

Jumamosi, 6 Julai
Tryphena ameleta shilingi za mwisho, zimefungwa kwenye kitambaa, na shemeji zake wawili kama mashahidi. Lali amehesabu, amesema deni limekwisha, amemtakia baraka. Tryphena akakiondoa kikapu msumarini, akaenda nacho kwao bila neno lingine. Msumari umebaki mtupu na kibanda kimekuwa kama kimehamwa. Lali amekitazama kile kikapu kila asubuhi kwa zaidi ya miezi miwili. Jioni aliniuliza, kama mtu asiye na haja, "Hivi ilikuwa rangi gani inafuata?"

Jumapili, 7 Julai
Baada ya kanisa Tryphena amekuja, Mable nyuma yake. Amebeba kile kikapu. Kimekwisha, kina mdomo na mikono, rangi iliyofuata ilikuwa nyekundu. Kimejaa pojo hadi juu.

Nilimwambia, "Dada, jana ulikuwa hapa. Si ungekuja nacho jana, usipate taabu mara mbili?"

"Jana nilileta deni," alisema. "Leo nimeleta zawadi. Nilitaka usiku mmoja ulale katikati, Fundi asipate shida ya moyo."

Lali alisimama na mkasi wa bati mkononi. Akauweka mkasi chini, akaipangusa mikono yake kwenye kanzu yake, akakipokea kikapu kwa mikono yote miwili.

Mchana tumepika pojo kwa nazi. Tumekula sote wanne kwenye sinia moja, na Lali ameongezewa mara tatu. Kikapu amekitundika kwenye ule msumari, na kesho anapanda juu ya nyumba yetu kupiga bati.